Mobutu: mwandishi wa habari aliyejua nguvu ya majina

Kwa sisi tuliozaliwa Goma baada ya mwaka 1997, Mobutu ni picha: kofia ya ngozi ya chui, miwani, fimbo mkononi. Ninasimulia maisha yake hapa kwa sababu, kwa mwanafunzi wa lugha, ni somo la alama.

Alizaliwa Lisala tarehe 14 Oktoba 1930, akaitwa Joseph-Désiré. Alitumikia jeshi la kikoloni, Force Publique, kisha akawa mwandishi wa magazeti Léopoldville. Nadhani huko ndiko alikojifunza kwamba anayetoa jina ndiye anayeshika maana. Mwaka 1960 alikuwa mtu wa karibu wa Patrice Lumumba. Septemba ya mwaka huohuo akamweka pembeni. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Mobutu alinyakua urais tarehe 24 Novemba 1965, na mwaka uliofuata akamtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa. Aliye hai angeweza kumpinga. Shujaa aliyekufa hajibu.

Tarehe 27 Oktoba 1971 aliiita nchi Zaïre, kwa ajili ya uasilia. Lakini jina hilo ni neno la Kikongo la mto, nzadi, lililopotoshwa na mabaharia Wareno. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalipigwa marufuku, naye akawa Mobutu Sese Seko. Abakosti ikachukua nafasi ya suti na karavati. Sitasema yote yalikuwa ya bure: postnom iliyo kwenye vitambulisho vyetu ilianzia hapo, na wengi tunaionea fahari, maana ndimo mababu wanamotajwa.

Ubaya naona mahali pengine. Ngozi ya chui ni ya mtemi, na mtemi ana wazee wa kumkanya. Mobutu alichukua ngozi, akawaacha wazee. Kila raia alihesabiwa mwanachama wa MPR tangu kuzaliwa, na habari za televisheni zilianza kwa uso wake ukishuka kutoka mawinguni.

Alama, kama noti, huishi kwa imani ya wanaoipokea. Desemba 1992 ilitolewa noti ya zaïre 5.000.000 yenye sura yake. Wafanyabiashara waliikataa. Januari 1993 askari waliolipwa kwa noti hiyo walipora Kinshasa. Kofia ilikuwa ileile, fimbo ileile. Kilichokwisha ni imani.

Mei 1997 alikimbia, nchi ikarudishiwa jina la Kongo, na bendera ya mwenge ikashushwa. Alifia Rabat tarehe 7 Septemba mwaka huo, na huko ndiko alikozikwa.

Neno salongo bado tunalitumia Goma, hata tunapofagia barabara bila kumkumbuka. Basi tukipewa leo neno jipya, wimbo au rangi, tuulize kwanza: nani anaruhusiwa kumkanya anayevibeba?