MBU ALIYEMUUA CLARA, NA KADI ILIYO MFUKONI MWAKO

Ndugu msomaji, usiitupe karatasi hii. Isome mpaka mwisho. Ina habari za binti aliyekufa akiwa na miaka 25 tu, na kifo chake kinakuhusu wewe unayetaka kusafiri.

Jina lake Clara Maass. Alizaliwa tarehe 28 Juni 1876 huko East Orange, New Jersey, Marekani. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani, Walutheri, watu maskini. Clara ndiye kifungua mimba, na nyuma yake wadogo wengi. Wewe uliye mzaliwa wa kwanza unajua maana yake: chakula kikipungua, wote wanakutazama wewe. Alianza kazi angali mdogo. Mwaka 1895 akahitimu unesi katika Hospitali ya Wajerumani mjini Newark, na baada ya muda mfupi akawa nesi mkuu.

Mwaka 1898 ikatokea vita ya Marekani na Hispania. Clara akajitolea kuuguza askari. Alifika Cuba, alifika hata Ufilipino. Na huko, jamani, askari wa Marekani walimalizwa zaidi na maradhi kuliko risasi.

Homa ya manjano ndiyo iliyotisha Cuba. Macho yanageuka manjano, mgonjwa anatapika damu nyeusi, na wengi hawapony. Watu walichoma nguo na mashuka ya wagonjwa wakidhani ugonjwa umo humo. Daktari mmoja wa Cuba, Carlos Finlay, alikuwa amesema tangu 1881 kwamba ni mbu. Hawakumsadiki.

Mwaka 1900 daktari wa jeshi Walter Reed na wenzake wakatumwa Cuba kuchunguza. Mmoja wao, Jesse Lazear, akaumwa na mbu, akafa Septemba mwaka huohuo. Ndipo wakatafutwa watu wa kujitolea, askari na wahamiaji wa Kihispania. Wahamiaji walitiliana mkataba kwa maandishi: dola 100 za dhahabu, na 100 nyingine ukiugua. Wako askari waliokataa hela kabisa. Wengine walilala siku 20 juu ya mashuka machafu ya wagonjwa, wala hawakuugua. Walioumwa na mbu ndio waliougua. Kumbe Finlay alisema kweli!

Sasa Clara anaingiaje? Alirudi Cuba mwishoni mwa 1900 kuuguza katika hospitali ya Las Animas, Havana. Daktari Juan Guitéras alitumaini kwamba mtu akiumwa na mbu huku anatunzwa vizuri, ataugua kidogo tu, kisha atakuwa na kinga. Clara akakubali kujaribiwa. Aliugua kidogo, akapona. Lakini je, kinga imeingia kweli? Tarehe 14 Agosti 1901 akatoa tena mkono wake. Tarehe 18 homa ikamshika. Tarehe 24 akafa.

Hebu fikiri, ndugu. Alilipwa dola 100. Watu wengine wamesema alifuata fedha, maana kwao kulikuwa na shida. Lakini yule alikuwa nesi. Aliwaona wagonjwa wakifa kwa macho yake. Alijua anachokitolea mkono.

Katika majaribio hayo walikufa pia wanaume wawili Wahispania. Watu wakapiga kelele, na kazi ya kuwapa watu ugonjwa kwa mbu ikakomeshwa pale Havana. Ikajulikana wazi kwamba mbu hawezi kuwa chanjo. Daktari William Gorgas akazidi kupigana na mbu wenyewe: mapipa ya maji yakafunikwa, mafuta yakamwagwa kwenye madimbwi, wagonjwa wakawekewa wavu. Kabla mwaka 1901 haujaisha, homa ile ikakoma Havana.

Chanjo salama ilipatikana mwaka 1937 kwa kazi ya Max Theiler na wenzake huko New York. Kirusi walichokidhoofisha kilitoka katika damu ya Mwafrika mwenzetu, Asibi wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Aliugua mwaka 1927, akapona.

Mpendwa, sasa nakuuliza wewe. Ile kadi ya manjano uliyo nayo, ulichomwa sindano, au ulinunua muhuri tu? Wapo wanaolipa hela uchochoroni ili kadi iandikwe bila chanjo. Unamdanganya nani? Afisa wa mpakani utampita. Mbu hasomi kadi.

Clara alitoa mkono wake kwa mbu, akafa. Wewe unaombwa kutoa mkono mara moja kwa sindano. Tangu 2016 kadi ya kweli inatambuliwa maisha yako yote. Kama una mimba, una umri wa miaka 60 au zaidi, au una ugonjwa unaopunguza kinga, mwulize daktari kwanza. Wengine wote, mnangoja nini?

Kesho asubuhi nenda kituo cha chanjo. Na ukirudi nyumbani, funika pipa lako la maji.