Niels Finsen, mgonjwa aliyegeuza mwanga kuwa dawa

Jua la Lodwar mnalijua. Saa sita mchana hata mbuzi wa mjini wanagombania kivuli cha kibanda cha M-Pesa, na ukimwambia mtu wa Kakuma kwamba jua ni dawa, atakuangalia kama wewe ndiye limekupiga kichwani. Sasa huyu jamaa ninayetaka tumwongelee leo alizaliwa mahali ambapo jua ni mgeni wa kuhesabiwa. Anaitwa Niels Ryberg Finsen. Alizaliwa tarehe 15 Desemba 1860 mjini Tórshavn, visiwa vya Faroe, huko baharini kati ya Norway na Iceland, kwenye mawingu na ukungu usioisha. Huyu ndiye daktari aliyeonyesha dunia kwamba mwanga unaweza kuponya ngozi iliyokuwa ikiliwa na ugonjwa. Tiba nyingi za mwanga unazosikia leo, hata zile za saratani ya ngozi, zinamtambua kama babu yao.

Babake alikuwa mtu wa Iceland, afisa mkubwa wa serikali pale visiwani. Mamake alifariki Niels akiwa mtoto wa miaka minne tu. Alipofika umri wa sekondari alipelekwa shule ya bweni ya Herlufsholm kule Denmark, na hapo mambo yakawa magumu. Mwalimu mkuu aliandika kwamba kijana ana roho nzuri lakini kichwa hakina kitu na bidii hana. Sisi ambao chuo tuliachana nacho katikati ya njia tunaijua hiyo ripoti, imebadilishwa jina tu. Mwaka wa 1876 babake akamhamishia Reykjavik, nchi ya wazee wake. Huko alimaliza akiwa na miaka 21, nambari 11 katika darasa la watu 15. Kama kungekuwa na KCSE wakati huo, hakuna gazeti lingempiga picha akibebwa juu juu.

Mwaka wa 1882 akaingia Chuo Kikuu cha Copenhagen kusomea udaktari. Mwaka uliofuata mwili ukaanza kumsaliti. Ulikuwa ugonjwa wa polepole unaokaza ngozi laini inayofunika ini, moyo na wengu, kisha tumbo linajaa maji. Hakuwahi kupona. Kila kitu nitakachokueleza kuanzia hapa alikifanya akiwa mgonjwa, maji yakitolewa tumboni kwa sindano kila yalipozidi.

Chumba alichoishi kilielekea kaskazini, na kwao kaskazini maana yake jua halikuingii. Alikuwa mchovu na damu haitoshi, akaona akikaa juani anapata nafuu. Inasimuliwa kwamba siku moja alimtazama paka aliyelala juani. Kivuli kikimfikia, paka anasogea, kikimfikia tena, anasogea tena. Wengine wetu tungempiga picha tukaendelea na shughuli zetu. Finsen alitaka kujua paka anafuata nini hasa.

Akaanza majaribio, mengine kwenye mwili wake mwenyewe. Lile ninalolipenda zaidi ni hili: alijipaka mstari wa wino mweusi mkononi, akauanika mkono juani kwa saa kadhaa. Baadaye ngozi yote ikawa nyekundu na kuuma, ila pale chini ya wino ilibaki vile vile, nyeupe. Akaosha wino, akarudi juani. Safari hii sehemu iliyokuwa chini ya wino ndiyo iliungua, na ile iliyoungua kwanza ikaongeza weusi tu. Kwa hivyo kinachounguza si joto, ni miale ya upande wa buluu na zambarau na ile isiyoonekana kwa macho. Na rangi ya ngozi ni kinga. Wazee wa Turkana wangemwambia hilo bila wino, lakini yeye alilihitaji kwenye karatasi.

Alihitimu mwaka wa 1890, akafunga ndoa na Ingeborg Balslev mwaka wa 1892, na kwa muda akawa akifundisha wanafunzi wa udaktari kupasua maiti. Mwaka wa 1893 aliiacha hiyo kazi ili afanye utafiti. Mtu ana mke, ana ugonjwa, anaacha mshahara. Mwaka huo huo alipendekeza wagonjwa wa ndui wawekwe kwenye vyumba vyenye mapazia mekundu ili miale mikali isiwafikie. Wazo hilo lilimpa jina lakini halikudumu.

Kilichodumu ni kifua kikuu cha ngozi. Ndiyo, TB, ile ile tunayoijua huku kaskazini, inaweza kukaa kwenye ngozi badala ya mapafu. Ulaya ya wakati huo iliogopwa sana kwa sababu inakula pua, mashavu na midomo pole pole kwa miaka mingi, na jina lake la kitaalamu linatokana na mbwa mwitu. Wagonjwa walichomwa, walikwanguliwa, walikatwa, na bado ilirudi. Walifungiwa nyumbani. Hakuna aliyetaka kuwaajiri wala kuwaoa.

Novemba 1895 Finsen alimchukua mhandisi mmoja wa kampuni ya stima ya Copenhagen, ambaye alikuwa ameteswa usoni na ugonjwa huu kwa miaka minane. Taa ilikuwa ya vijiti viwili vya kaboni: stima inaruka kutoka kijiti kimoja hadi kingine na kutoa mwanga mkali kupita kiasi. Shida ni kwamba taa ya namna hiyo inachoma, kwa hivyo akapitisha mwanga kwenye maji ili joto libaki njiani. Shida ya pili ilikuwa damu. Finsen aliweka karatasi ya picha nyuma ya sikio la mtu na kumulika upande wa mbele: karatasi haikubadilika. Akalibana sikio kati ya vipande viwili vya kioo mpaka damu ikatoka pale, akamulika tena, na karatasi ikageuka nyeusi. Damu inameza ile miale. Ndiyo maana kwenye kliniki yake kila mgonjwa alikuwa na nesi aliyembonyeza kioo usoni muda wote wa tiba, saa nzima au zaidi, kila siku, miezi na miezi. Picha za wakati ule zinawaonyesha wagonjwa wamelala kuzunguka taa moja kubwa yenye mirija minne kama darubini, na manesi wameinama juu yao. Kazi ya mkono, bana, si mashine.

Yule mhandisi alipata nafuu. Mwaka wa 1896 Taasisi ya Mwanga ya Finsen ikafunguliwa, na ndani ya miaka mitano ilikuwa imetibu watu kama 800 wenye ugonjwa huo, wengi wao wakapona. Malkia Alexandra wa Uingereza, ambaye alikuwa mzaliwa wa Denmark, ndiye aliyefanya taa hiyo ifike hospitali ya London mwaka wa 1900.

Mwaka wa 1903 akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Hakwenda kuichukua, alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Sehemu kubwa ya pesa aliitoa kwa taasisi yake na kwa nyumba ya wagonjwa wa moyo na ini. Siku zake za mwisho alikuwa akipima kila alichokula na kunywa, akijichunguza jinsi chumvi inavyomjaza maji, na akaandika makala kuhusu hilo. Alifariki tarehe 24 Septemba 1904. Miaka 43 tu.

Taa yenyewe iliachwa dawa za TB zilipopatikana kuanzia miaka ya 1940. Leo TB ya ngozi inatibiwa kwa vidonge vya miezi sita kama ile ya mapafu. Na kuna kejeli: mwaka wa 1928 mtafiti aliyeitwa Findlay alionyesha kwa panya kwamba miale ile ya jua isiyoonekana inaleta uvimbe wa saratani kwenye ngozi.

Lakini wazo halikufa. Mwaka ule ule Finsen alipopata Nobel, mtaalamu wa Munich, Hermann von Tappeiner, na mwenzake walipaka rangi ya eosini kwenye saratani ya ngozi kisha wakamulika. Siku hizi hospitali zenye uwezo hupaka krimu maalumu, zinasubiri saa chache seli mbaya zitengeneze kemikali inayoitwa porfirini, kisha zinawasha taa. Mwanga unaiamsha porfirini, oksijeni iliyo pale inageuka sumu, na seli inakufa. Inafaa kwa madoa ya mwanzo na saratani ya juu juu, si uvimbe uliozama. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2005 ulisema huenda taa ya Finsen ilifanya kazi kwa njia hiyo hiyo, kwa sababu bakteria wa TB wana porfirini zao wenyewe.

Sasa rudi Lodwar. Taa hizo usizitafute huku. Mtu mwenye ualbino anayeuza laini za simu barabarani au kusubiri foleni ya chakula kambini Kakuma hana ule wino wa Finsen kwenye ngozi yake, na hilo ndilo linalonifanya nimkumbuke daktari huyu kila Aprili. Wengi wao katika Afrika hufa mapema kwa saratani ya ngozi ambayo ingezuilika. Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu hutoa losheni ya kukinga jua kwa waliojiandikisha, na kule Moshi, Tanzania, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi ndiko ilikoanzia losheni ya Kilisun, iliyotengenezwa kwa ajili yao. Kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu, kivuli kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni.

Hizo krimu za kujichubua zinazouzwa sokoni ni kitu kingine kabisa. Zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku Kenya, na zinafanya kinyume cha wino: zinaondoa kinga uliyozaliwa nayo, chini ya jua hili hili.

Kama una kidonda sikioni, mdomoni au shingoni kimekaa mwezi bila kupona, losheni haitakitibu. Kikionekana mapema kinaweza kugandishwa kwa baridi kali, kupakwa krimu ya fluorourasili au kukatwa kwa upasuaji mdogo. Anza na hospitali ya rufaa ya kaunti pale Lodwar, na uwaonyeshe hicho kidonda chenyewe, usikifunike na poda.