Aliyeitwa Mtumwa, Akazikwa Siti

Wengi wetu tulizijua nyimbo zake kabla ya kumjua mwenyewe. Mimi nalizisikia kwa mabibi wakipepeta mchele uani, nami ndio kwanza natoka chuoni na juzuu yangu kwapani, nikadhani ni zao wenyewe. Kumbe zina mwenyewe, naye ni Siti binti Saad, mfinyanzi wa Fumba.

Fumba ni kijiji cha kusini-magharibi ya Unguja. Huko ndiko alikozaliwa, yapata mwaka 1880, kwa wazazi wenye asili ya bara, na jina alilopewa ni Mtumwa. Msomaji asiliruke jina hilo. Utumwa Unguja haukuondolewa kisheria hadi mwaka 1897, na binti huyu keshapevuka. Jina la namna ile lilimwambia kila amsikiaye pa kumkalisha, napo si barazani. Utotoni hakupata kusoma. Alichofundishwa ni udongo: kufinyanga, kuchoma, kisha kujitwika vyungu hadi mjini kuvitembeza. Sauti yake ilijulikana kwanza kwa kunadi vyungu.

Yapata mwaka 1911 akahamia mjini. Alikuwa mtu wa miaka thelathini, umri ambao mwanamke wa zama zile alihesabiwa keshakiona alichoandikiwa. Huko akaonana na Ali Muhsin, mmoja wa mafundi wa Nadi Ikhwan Safaa, chama cha taarabu kilichoundwa mwaka 1905, naye akamfunza kuimba. Mwanamke mzima akaanza upya kama mwanafunzi, akajifunza mahadhi, akajifunza kutamka Kiarabu, akajifunza na kusoma Kurani. Kisha akaingia kundini na kina Subeti Ambari, Buda Swedi, Maalim Shaaban na Mbaruk Talsam, fundi asiyeona. Jina la Mtumwa likaachwa, akaitwa Siti, yaani bibi wa heshima.

Angaliishia hapo angalikuwa keshafika. Taarabu ya wakubwa, tangu enzi ya Sayyid Barghash aliyeileta kwa mfano wa Misri, ilikuwa ya Kiarabu, na aliyeiimba vyema alipata mlango wa kasri na bakhshishi zake. Siti aliupata. Lakini hakutosheka kuwa mwangwi wa Misri. Maneno ya Ng'ambo, ya wapishi, mahamali na madobi, akayapandisha juu ya udi na fidla. Kwangu mimi hilo ndilo jambo zito kuliko yote aliyoyafanya, kuliko hata kuhama Fumba. Kuacha vyungu ni kuacha taabu. Kukitia Kiswahili cha mtaani mbele ya watu waliokuheshimu kwa Kiarabu chako ni kuitia rehani heshima uliyoihangaikia. (Malenga wetu wa leo akishangiliwa kwa bahari moja na mada moja, haziachi hadi kaburini.)

Tena hakuimba mapenzi matupu. Wimbo wa Kijiti ni habari ya kweli: mwanamke mgeni aliuawa Unguja, muuaji akavuka bara akaokoka, na waliotiwa hatiani ni wanawake waliofuatana na marehemu. Mji mzima uliona dhuluma ile, na Siti akaiimba. Wapinzani wake nao hawakulala. Walimcheka sura, walimcheka asili yake ya shamba na vyungu. Yeye akawajibu kwa wimbo, na jibu likapendwa kuliko tusi.

Mwezi Machi 1928, yeye na kundi lake wakapanda meli kwenda Bombay kutiwa katika santuri na kampuni ya His Master's Voice. Huhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Umri wake ulikaribia hamsini. Na fikiri ugumu wake: wimbo wa usiku huenda kwa matakwa ya wasikilizaji, ubeti ukirejewa mara nne kwa kuwa mtu mmoja katokwa na machozi. Upande wa santuri za wakati ule ulibeba dakika tatu hivi, basi. Hapana vigelegele wala atakaye kurejewa, ila chombo cha kunasa sauti. Aliyezoea kuuimba wimbo mpaka uive, ikambidi aupakue upesi. Na santuri zile zikauzwa, zikavuka maji hata majumbani mwetu Mombasa na Lamu, kwa watu ambao hawakupata kumtia machoni.

Siku zake za mwisho alijiwa na Shaaban Robert, kumwuliza habari za maisha yake. Kitabu chake, Wasifu wa Siti binti Saad, kilitoka mwenyewe keshatangulia mbele ya haki, kwani Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nyimbo zikachukuliwa na wengine. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliuimba Muhogo wa Jang'ombe hadi uzeeni, na kila akiuimba huutia la kwake.