Emil Christian Hansen, mtoto wa mpaka rangi aliyeponya pombe kwa seli moja

Tarehe 12 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1883, katika kiwanda cha Carlsberg mjini Copenhagen, Denmark, pombe ilichachishwa kwa mara ya kwanza kwa chachu iliyotokana na seli moja tu. Aliyeilea chachu hiyo ni Emil Christian Hansen, mtu wa miaka 41 ambaye katika ujana wake alipata riziki kwa kupaka rangi nyumba za watu.

Alizaliwa Ribe, tarehe 8 mwezi wa tano 1842, katika familia maskini. Baba yake pia alikuwa mpaka rangi. Kijana alitamani kuwa msanii, lakini chuo cha sanaa kilimkatalia. Akawa mwalimu wa watoto wa matajiri, na baadaye akaandika hadithi ili ajilipie masomo. Mwaka wa 1876 alishinda medali ya dhahabu kwa utafiti juu ya kuvu zinazoota kwenye mavi ya wanyama. Mada hiyo ilichekesha wengine, lakini ilimzoeza kutazama vitu vidogo kwa uvumilivu. Mwaka wa 1879 akapewa kuongoza idara katika maabara ambayo J. C. Jacobsen, mwenye kiwanda, alikuwa ameianzisha mwaka wa 1875.

Wakati ule pombe ilikuwa ikiugua. Mapipa mazima yaligeuka machungu na kunuka vibaya, na hasara ilikuwa kubwa. Mfaransa Louis Pasteur alikuwa amelaumu bakteria. Hansen aliona kwamba hata chachu yenyewe inaweza kuwa adui: ndani ya chachu ya kiwanda kulijificha chachu za porini zilizoletwa na hewa. Mama wa Kivu anayetengeneza kasiksi analijua jambo hilo bila mikroskopi. Chachu yake hutoka kwenye unga wa mtama na kwenye chombo chenyewe. Leo kinywaji kinatoka kitamu, kesho kinageuka siki.

Hansen alipunguza chachu kwa maji mengi, hata tone likabaki na seli moja au lisiwe na kitu. Aliyatia matone hayo katika chupa zenye maji ya kimea yaliyochemshwa, akazitikisa, kisha akaziacha zitulie. Chupa iliyoonyesha doa moja tu jeupe ilikuwa na watoto wa seli moja. Hao akawahamishia katika chupa kubwa zaidi, tena kubwa zaidi, mpaka wakatosha pipa. Kuwatupa mara moja katika pipa kubwa kungewapa wadudu wengine nafasi ya kuwatangulia.

Jacobsen mwanzoni hakuamini, akataka majaribio. Pombe ilipotoka safi alikubali, na chachu ile ikagawiwa bila malipo hata kwa viwanda vilivyoshindana naye. Wenye viwanda wengi leo wangeifungia kwa hati miliki.

Hatua iliyofuata ilihusu hewa. Chachu ikipata oksijeni mwanzoni huzaana kwa wingi. Ikiikosa, huzaana kidogo na kuchoka kabla ya kumaliza sukari. Lakini hewa hiyohiyo ndiyo inayoleta chachu za porini. Pamoja na Kühle, msimamizi wa kiwanda, Hansen alibuni mtungi uliofungwa, ambamo maji ya kimea yaliingizwa hewa iliyochujwa kwa pamba. Baada ya kila mavuno, sehemu ya chachu ilibaki ndani kuwa mbegu ya mara nyingine.

Wanaotengeneza pombe nyumbani huko Ulaya na Marekani bado wanafuata njia hiyo. Huchemsha lita moja ya maji na karibu gramu 100 za unga wa kimea, huyapoza, hutia chachu kidogo, kisha hutikisa chupa mara kwa mara ili hewa iingie. Baada ya siku moja au mbili chachu inatosha kwa ndoo ya lita 20.

Mwaka wa 1908 Hansen aliipa chachu yake jina la kisayansi, Saccharomyces carlsbergensis. Alikufa tarehe 27 mwezi wa nane 1909, akiwa bado kiongozi wa idara yake. Mwaka wa 2013, katika ghala la zamani la Carlsberg, ilipatikana chupa ya pombe ya zama zake. Watafiti walikuta ndani yake seli za chachu zikiwa bado hai, wakazilea hatua kwa hatua, na mwaka wa 2016 wakazitumia kutengeneza pombe.