Chuter Ede, Mwalimu Aliyesumbuliwa na Kitanzi

Miongoni mwa wanasiasa wa Uingereza waliotoka katika ualimu, sidhani yuko aliyebeba mzigo mzito kuliko marehemu James Chuter Ede.

Alizaliwa Epsom mwaka wa 1882, mtoto wa mwenye duka. Alifika Chuo Kikuu cha Cambridge, lakini fedha zikamwishia kabla ya kupata digrii, akarudi kwao Surrey kusomesha watoto wa shule za msingi hadi 1914. Bungeni aliingia 1923 kwa tikiti ya chama cha Labour. Wakati wa vita vya pili alikuwa naibu wa R. A. Butler katika elimu, na ingawa Butler alikuwa wa chama cha Conservative, wawili hao walitunga sheria ya 1944 iliyofuta karo katika shule za sekondari za umma. Kwa maoni yangu, hayo peke yake yangetosha kumpa mtu jina, hasa mtu aliyetolewa chuoni na umaskini.

Lakini mwaka wa 1945 akafanywa Waziri wa Mambo ya Ndani, na siku hizo waziri huyo ndiye aliyeamua kama aliyehukumiwa kifo aokolewe au anyongwe. Wabunge walipotaka kusimamisha adhabu hiyo mwaka wa 1948, Ede aliwapinga.

Miaka miwili baadaye faili ya Timothy Evans ilifika mezani pake. Dereva huyu kijana alishtakiwa kumuua binti yake mchanga. Alilia kwamba muuaji ni jirani wa chini, John Christie, lakini Christie alikuwa shahidi wa serikali, akaaminiwa yeye. Ede akaandika sheria ifuate mkondo wake. Evans alinyongwa Machi 9, 1950.

Mwaka wa 1953 maiti za wanawake zilifumuliwa nyumbani kwa Christie, naye akakiri kumuua hata mke wa Evans.

Wengine wangejificha nyuma ya mahakama. Ede alisimama Bungeni 1955, akasema ni yeye aliyeandika maneno yale na kwamba kosa lilitendeka. Tangu hapo akawa upande wa waliotaka kitanzi kiondolewe.

Sheria ya kusimamisha kunyonga wauaji ilipitishwa Novemba 8, 1965. Ede alifariki siku tatu baadaye. Msamaha wa Evans ulitolewa 1966.