Musashi: Mapambano 60 bila kupoteza, filamu zikaongeza chumvi

TIMU ikicheza mechi 60 bila kufungwa, shabiki makini huuliza mambo mawili: ilicheza na nani, na matokeo yaliandikwa na nani? Maswali hayo hayo yanamwandama Miyamoto Musashi, bingwa wa upanga wa Japani, zaidi ya karne tatu na nusu tangu azikwe.

Musashi alizaliwa mwaka 1584 hivi, na mwenyewe aliandika kwamba kwao ni Harima. Jamaa alianza mapema. Akiwa na miaka 13 alimshinda Arima Kihei. Akiwa na 16 akamwangusha Akiyama, mpiganaji wa nguvu kutoka Tajima. Akiwa na 21 akaingia Kyoto, mji mkuu, ambako wakali wote walikuwa wanapatikana.

Kwa hesabu yake, hadi anakaribia miaka 30 alikuwa amepambana zaidi ya mara 60, hajapoteza hata moja. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo aliitoa yeye mwenyewe, uzeeni. Mwamba ngoma huvutia kwake. Ukoo wa Yoshioka wa Kyoto, ambao upande wa Musashi unasema walipigwa wote, nao uliacha simulizi isiyompa ushindi huo.

FAINALI YA KISIWANI

Pambano linalojulikana kuliko yote ni dhidi ya Sasaki Kojiro, linalowekwa mwaka 1612, kwenye kisiwa kidogo kati ya Honshu na Kyushu. Ukitazama filamu, au ukifungua vitabu vya picha vinavyouzwa pamoja na filamu za samurai, habari ni ile ile: Musashi anachelewa makusudi ili kumpandisha mpinzani hasira, anashuka na upanga wa mti aliouchonga kutoka kwenye kasia, anapiga mara moja, mchezo umekwisha.

Sasa twende kwenye kumbukumbu. Mwaka 1654, miaka tisa baada ya kifo chake, mwanawe wa kulea, Iori, alisimamisha jiwe la kumbukumbu huko Kokura. Jiwe hilo linakubali upanga wa mti, lakini linasema wawili hao walifika wakati mmoja. Habari ya kuchelewa ilienea kupitia kitabu cha mwaka 1776, zaidi ya miaka 160 baada ya pambano. Hata mtoto wa nyumbani hakuijua!

Kuna zito zaidi. Kumbukumbu za ukoo wa Numata, walioshika ngome ya Moji jirani na kisiwa hicho, zinasema makubaliano yalikuwa kila mmoja aende bila wanafunzi wake. Kojiro alitii. Wa Musashi walijificha kisiwani. Kojiro alipigwa, akaanguka, kisha akazinduka, na wanafunzi hao ndio waliommaliza. Watu wa Kojiro walipotaka kulipiza kisasi, Musashi alikimbilia ngomeni Moji, akasindikizwa chini ya ulinzi wa bunduki.

Kama ndivyo ilivyokuwa, basi ni sawa na timu kuingiza wachezaji wa ziada refa akiwa amegeuka. Hakuna marudio ya video ya kuamua. Ila jambo moja lipo wazi: katika kitabu chake kikuu Musashi hakumtaja Kojiro hata kidogo.

RIWAYA YAWA HISTORIA

Musashi anayejulikana na wengi ametoka kwa Eiji Yoshikawa, mwandishi aliyechapa riwaya yake gazetini kati ya mwaka 1935 na 1939. Hiroshi Inagaki akaigeuza kuwa filamu tatu, 1954 hadi 1956, Toshiro Mifune akicheza Musashi. Ya kwanza ikapata tuzo ya Oscar. Otsu, msichana anayemsubiri Musashi miaka yote, ni mtu wa riwaya. Kitabu cha picha kikimpanga kando ya watu wa kweli bila kusema hivyo, msomaji anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Na kuna mambo filamu hupenda kuyaruka. Mwaka 1638, kwenye vita vya Shimabara, mbabe huyu aliumizwa mguu kwa jiwe lililorushwa kutoka ngomeni, na aliliandika hilo katika barua. Mwaka 1640 alikwenda Kumamoto kwa mwaliko wa mtawala Hosokawa Tadatoshi. Huko alichora kwa wino, na ndege wake aliyetua juu ya tawi kavu bado anasifiwa. Mwaka 1643 akaingia kwenye pango la Reigando kuandika Kitabu cha Pete Tano. Alifariki mwaka 1645.

Ndani ya kitabu hicho kuna ungamo ambalo mabingwa wachache wangethubutu kulitoa. Alipovuka miaka 30 aliangalia nyuma, akaona kwamba huenda hakushinda kwa sababu alikuwa fundi. Pengine ni kipaji cha kuzaliwa, pengine ni mipango ya mbingu, au pengine wapinzani walikuwa na mafunzo mabovu. Akaanza mazoezi upya, na kwa maelezo yake aliielewa kazi ya upanga alipofika miaka 50 hivi, wakati yale mapambano 60 yalikuwa yamebaki nyuma kwa zaidi ya miaka 20.