Monsenyeri Emmanuel Kataliko, Mchungaji Aliyetufundisha Kutoa kwa Furaha

Katika siku hizi za jubilei tunayatazama majengo ya parokia yetu kwa shukrani: kanisa, masomo, nyumba ya wagonjwa. Yafaa tumkumbuke pia yule aliyewafundisha wazazi wetu kujenga bila kungoja mkono wa mgeni.

Emmanuel Kataliko alizaliwa mwaka wa 1932 huko Lukole, katika nchi ya Lubero. Mapadri wa Asunsio walikuwa wamefika kwetu mwaka wa 1929, kwa hiyo alikua pamoja na Eklezia changa ya milima hii. Alipewa upadri mwaka wa 1958. Tarehe 17 Mei 1966 Papa Paulo wa Sita alimchagua kuwa Askofu wa Beni, mahali pa Monsenyeri Henri Piérard, naye alikuwa hajatimiza miaka 35. Mwaka uliofuata jimbo likapata jina la Butembo-Beni.

Jimbo alilolipokea lilikuwa limeumizwa na maasi ya mwaka wa 1964. Tena watu wengi walikuwa wamezoea kuitazama misioni kama ghala, mahali pa kwenda kupokea. Askofu kijana hakupenda wazo hilo. Aliona kwamba mkulima wa Lubero, hata akiwa na shamba dogo, ni mtu mwenye kitu cha kutoa, na kwamba kumwacha apokee tu ni kumpunguzia heshima yake.

Basi kila mmoja alitakiwa kutoa alichonacho. Asiye na franga alibeba mawe kutoka mtoni, au alichoma matofali, au alitoa siku yake ya kazi. Mama alileta maharagi. Mfanyabiashara wa Butembo alitoa kamioni yake na mafuta yake. Si jambo la kustaajabia kwamba maharagi yalihesabiwa sana: katika miaka ya 1990 fedha ya Zaïre ilianguka vibaya, hata mwezi wa Oktoba 1993 zaïre mpya moja ikachukua mahali pa zaïre za zamani 3.000.000. Noti ililala usiku na asubuhi imepungua thamani, lakini gunia la maharagi lilibaki gunia.

Mtu anaweza kuuliza kama barabara ni kazi ya askofu. Huko Ulaya labda siyo. Lakini kwetu serikali ilikuwa mbali, mvua iliharibu njia, na viazi na mboga vilioza kabla ya kufika sokoni. Njia ikifungwa, mgonjwa hafiki hospitali na padri hafiki kwa wanaokufa. Kwa hiyo Monsenyeri aliwahimiza matajiri na maskini washirikiane kutengeneza mabarabara, masomo na hospitali. Mwaka wa 1989 jimbo likaanzisha Chuo Kikuu Katolika cha Graben hapa Butembo, wakati ambapo watoto wetu walipaswa kwenda mbali sana kutafuta masomo ya juu.

Sisi makatekista tunajua ugumu wa fundisho hili. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto juu ya mtoaji mwenye furaha, lakini ni rahisi zaidi kumkaripia mtu mbele ya kikapu cha sadaka na kusoma majina ya wasiotoa. Kwa namna hiyo kikapu hujaa juma moja, kisha watu hukaa nyumbani. Furaha haiamriwi. Huja mtu akiona jiwe lake limo ukutani.

Tarehe 3 Machi 1997 Monsenyeri Kataliko aliitwa kuwa Askofu Mkuu wa Bukavu, mahali pa Monsenyeri Christophe Munzihirwa, aliyeuawa tarehe 29 Oktoba 1996. Hapakuwa mahali pa kutamaniwa. Hata hivyo aliyekuwa amewaomba wengine watoe hakuweza kukataa. Katika barua yake ya Noeli ya mwaka wa 1999 alikemea wazi wageni na ndugu zetu Wakongomani waliokuwa wakinyonya taifa, na bado akawaomba waamini wapende na wasilipe kisasi. Tarehe 12 Februari 2000 wakubwa wa waasi wa RCD walimkataza kurudi Bukavu, wakampeleka Butembo. Hivyo kwetu, alikotumika miaka zaidi ya 30, pakawa kifungo chake. Wakristu wa Bukavu hawakunyamaza. Makanisa na masomo yalifungwa siku kadhaa kwa ajili yake.

Alirudi kwa kundi lake tarehe 14 Septemba 2000, sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba. Juma tatu tu zikapita. Alikwenda Roma kwa mkutano wa maaskofu wa Afrika, na huko moyo wake ukasimama tarehe 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, maskini mwenye furaha. Mwili wake ulirudishwa Bukavu, ukazikwa huko. Butembo haikupata kaburi lake.